Kilo za Hemedi

Jumatano moja mdogo wangu Hemedi aliingia uani amebeba baiskeli yake begani, gurudumu la nyuma limepinda, akaiegemeza ukutani na kuniambia mimi, dada yake mkubwa, bila hata salamu: "Yaya, ile sindano sipigwi tena. Imeisha."

Nilikuwa natwanga lituma. Mimi, Sikujua kwa jina, ni mtu wa lituma. Ndizi zangu za kuchemshwa na kutwangwa zinajulikana mtaa wote wa Tshopo, na malewa yangu, yaani meza mbili na mabenchi manne mbele ya nyumba, haijawahi kumrudisha mtu na njaa. Siku hiyo mchi ulinigandia mkononi. Kwa sababu mara ya mwisho Hemedi alipoacha sindano, miaka mitatu iliyopita, alitoka asubuhi kwenda kununua sabuni, na sisi tukamwona tena baada ya miezi miwili. Alikuwa Isangi, huko chini ya mto, analala gatini kati ya magunia, anabishana na watu ambao hawapo. Mtu wa huruma alimrudisha kwa mtumbwi. Nilimwogesha mwenyewe. Mbavu zake nilizipitia moja moja kwa sabuni, na hapo ndipo nilipoapa, wallahi, kwamba hakuna jicho la mtaani litakaloona tena mifupa ya mtoto wa mama yangu.

Kiapo hicho nilikitimiza mpaka kikapitiliza.

Unajua, kwetu hapa mtu akinenepa anapongezwa. Wanasema nyumba yake inamtunza. Hemedi alipoanza kutulia, sauti zikapungua kichwani mpaka akaweza kukaa nasi na kucheka, alianza pia kula. Na mimi nilipika. Asubuhi mikate ya mafuta minane na chai iliyoiva kwa sukari. Mchana lituma mbili kubwa na pondu, majani ya muhogo, inayoogelea kwenye mawese. Saa kumi chupa ya sucré, yaani soda, baridi, kwa sababu ya joto. Jioni wali, na akisema "Yaya, bado," nilifurahi na kuongeza. Majirani walipita wakasema, "Mama Sikujua, umemurudisha mudogo wako! Angalia anavyong'aa!" Nilikuwa natembea sokoni kifua mbele. Kilo zilikuwa za Hemedi lakini sifa zilikuwa zangu, na sioni haya kusema kwamba nilizipenda.

Sindano yenyewe tulikuwa hatuisemi. Watu wakiuliza anakwenda wapi kila mwezi, nilijibu mgongo. Kabla ya ugonjwa Hemedi alikuwa mtu wa toleka, zile baiskeli zenye mto wa kukalia nyuma, na nusu ya Kisangani iliwahi kukaa nyuma yake. Basi nilisema kazi ile ilimharibu mgongo, na watu walinielewa.

"Nani amekuambia uache?" nilimuuliza.

"Hakuna mutu. Nilitaka kukuletea ndizi na velo. Pale kwenye mupando wa soko, gurudumu likaniachia. Rayons sita, hizi spoku, zimekatika. Batu wakacheka. Mwanamuke moja akasema hata camion haiwezi kubeba hii gunia." Akajifuta uso. "Ni ile dawa, Yaya. Nikilala niko na njaa, nikiamuka niko na njaa. Siko mugonjwa tena, niko gunia."

"Afadhali gunia kuliko Isangi!"

Neno lilikwisha kunitoka. Aliniangalia, akaingia ndani, akafunga mlango polepole. Angeupiga kwa nguvu ningejisikia nafuu.

Sindano nyingine ilikuwa baada ya siku nane. Sikusubiri. Kesho yake nilimshika mkono mpaka kituo cha afya, kwa Wivine, muuguzi anayewatazama wagonjwa wa akili. Ni binti mwenye miwani, mtulivu mpaka anakera. Nilimweleza yote, baiskeli, gunia, Isangi, mama yetu aliyefariki, yote. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akageuza kiti.

"Papa Hemedi, na weye unataka nini?"

"Nilikuwa bado naeleza," nikasema.

"Nimesikia, Mama. Sasa namuuliza yeye."

Niliudhika, sitaficha. Lakini baadaye nilipotulia nilijiuliza: miaka kumi na moja ya ugonjwa, tumezunguka kwa waganga na waombezi, tumelala kwenye mikeka ya hospitali, je, mimi niliwahi kumuuliza Hemedi anataka nini? Sikukumbuka hata siku moja.

Hemedi alitazama mikono yake. "Nataka kupanda velo yangu," akasema. "Nataka kubeba mutu."

Wivine akaandika. Akampima presha, akamtoboa kidole, akasoma kile kimashine chake. "Sukari imeanza kupanda. Haijawa ugonjwa, lakini iko njiani. Sikia, Papa. Hiyo njaa yako si ulafi. Iko ya kweli, ni dawa inaileta. Dawa inatuliza kichwa na inaamusha tumbo. Nitaongea na daktari tuone kama kuna nyingine inayonenepesha kidogo, lakini hapa kwetu hatupati kila kitu. Kilo tunaweza kuzishusha na dawa ikiwa ndani. Polepole."

"Bon," Hemedi akasema. Akanyosha kidole kimoja. "Hii moja napigwa. Zile zingine, mbele ya kila sindano nipimwe. Kama kilo zimeshuka, napigwa. Kama hazijashuka, narudi kwangu na mumeniacha."

"Hayo masharti siyapendi," Wivine akajibu. "Lakini nimeyasikia. Tuanze."

Kuanza kwenyewe kulitushinda, maana mizani ya kituo ilikuwa ya wamama wenye mimba, inaishia kilo mia moja. Hemedi alipopanda, mshale ulizunguka ukagota mwisho na kukataa kurudi. Aliona haya mpaka masikio yakang'aa. Wivine akauliza ni wapi mtaani kwetu wanapima vitu vizito, na sisi wote wawili tukajibu jina moja kwa pamoja: kwa Papa Kataliko.

Papa Kataliko ni Mnande wa Butembo, Mkatoliki wa misa ya kwanza, anauza maharagi kwa jumla, na depoti yake ina bascule ya chuma inayopima hata gunia mbili. Jumamosi anakula kwangu. Nilikwenda roho mkononi, nikiogopa atacheka. Huyu mtu aliteremsha magunia mwenyewe, akatoa leso mfukoni, akafuta pale pa kukanyaga, akasogeza mlango mpaka ukabaki wazi kidogo tu.

"Papa Hemedi, karibu. Panda."

Akasukuma kile chuma cha kupimia kidogo kidogo mpaka kikasimama sawa. "Mia moja na kumi na mbili," akasema chinichini. Hakuongeza neno. Tangu siku hiyo lituma yake naikatia kubwa kuliko za wengine.

Bon, nikaanza kazi kwa namna ninayoijua mimi, yaani kwa nguvu. Nilinunua kufuli. Sufuria zote kabatini, kufuli juu, ufunguo kwenye pindo la kitenge. Asubuhi mkate mmoja. Mchana nusu lituma. Akisema njaa, namwambia anywe maji. Hemedi hakubishana hata kidogo, na hilo lingenishtua kama ningekuwa na akili. Alikuwa anatoka tu kwa mlango wa nyuma, na mimi najisifu kwamba ameanza kutembea. Kumbe nyumba tatu za mtaa zilikuwa zinamlisha, kila moja ikiamini inamwokoa kwa dada mkatili!

Mwezi ulipokwisha, Papa Kataliko alisukuma chuma, akakisukuma tena, akanitazama kwa huruma. Mia moja na kumi na nne.

Nilipasuka pale pale depoti. "Umeniaibisha! Nahangaika kwa ajili yako na weye unazunguka kuomba chakula kama mutu asiye na kwao!" Nilisema na mengine ambayo sitayarudia. Hemedi alivaa viatu vyake taratibu.

"Tulisemezana," akasema. "Hazijashuka. Basi."

Akatoka, akakata kushoto kwenda nyumbani. Kituo cha afya kiko kulia.

Nilimkimbilia kandambili mkononi, kitenge kinanifunguka, nikampita, nikamzuia njia mbele ya wauza makayabu wote, wale wa samaki wa chumvi. Mimi siombi msamaha, waulize watu wanaonijua. Siku hiyo niliomba. "Hemedi, kosa ni langu. Kufuli nitaitupa. Nipe mwezi moja, moja tu, na leo twende upigwe."

Wale wamama wa makayabu waliacha hata kufukuza inzi.

"Na weye utakula nini?" akauliza.

"Miye?"

"Unakula lituma yako mbele yangu, mafuta mpaka kwenye kiwiko, halafu unaniambia kunywa maji."

Jamani. Ilikuwa kweli tupu. "Nitakula chako," nikamwambia. "Sahani yako na yangu zitakuwa moja."

Akageuka kulia.

Wivine alipopata habari za kufuli alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyochafuka. Nafikiri alikuwa anacheka. Kisha akatufundisha, na safari hii nilisikiliza. Chakula kwa saa zake, kila siku zile zile, ili tumbo lijue litapata lini. Majani yatangulie, ndipo lituma. Sucré itoke nyumbani kabisa, isiwepo hata ya wageni. Na asitukanwe akianguka, maana ataanguka.

Kufuli nilimpa Papa Kataliko akafungie depoti yake.

Sasa hebu fikiria mimi, mpishi, nianze kujifunza kupika uzeeni. Lituma moja, ya ukubwa wa ngumi yake. Pondu na kijiko kimoja cha mawese. Mara ya kwanza niliionja nikataka kulia. Nikaanza kuongeza limau, kitunguu, pilipili, biringanya, mpaka ikanyamaza vizuri mdomoni. Samaki nikaacha kukaanga, nikawa nafunga kwenye majani na kuweka juu ya makaa, liboke yetu ya zamani ambayo nilikuwa nimeitupa kwa uvivu. Na kati ya saa moja na nyingine, njaa ikimshika, Hemedi alikuja kukaa jikoni.

"Yaya, iko inanikula."

"Hata miye iko inanikula!" Na haikuwa utani. Tulikaa wawili tukitafuna matango na kuilaani ile njaa mpaka tukacheka, na saa ikafika.

Kutembea alichagua mwenyewe. Alisema atakwenda mpaka Wagenia, kwenye maporomoko, aninunulie samaki kwa wavuvi wenyewe. Kutoka Tshopo mpaka kule si mchezo, mji wote unaukata. Siku ya kwanza nilimsindikiza. Tulifika rond-point, ule mzunguko wa barabara, na mtu mmoja akaketi chini akasema hawezi tena. Mtu huyo ni mimi. Hemedi alisimama juu yangu, jasho linamtiririka, akasema, "Yaya, ju ya nini unakaa kama gunia?" Ningekuwa na nguvu ningempiga kandambili.

Lakini tulirudi kesho yake, tukapita rond-point kwa hatua ishirini, na keshokutwa tukaongeza. Magoti yangu yalilia mwezi mzima kisha yakazoea. Kufika mwezi wa nne Hemedi alikuwa anakwenda peke yake kunapokucha, anarudi na beseni kichwani, samaki bado wanarukaruka. Wavuvi wa mitego walimjua kwa jina. Akichelewa walimwekea wake pembeni. Malewa yangu ikaanza kusifiwa kwa liboke, na wale vijana wa toleka waliokuwa wanakimbilia mafuta sasa wanauliza, "Samaki ya Hemedi iko?"

Kwa Papa Kataliko chuma kilianza kurudi nyuma. Mia na kumi na moja. Mia na nane. Mia na tano. Kila mwezi tukitoka pale tunakata kulia, Hemedi anapigwa sindano yake, na mimi napumua. Mwezi alipofika tisini na tisa, Papa Kataliko alipiga makofi mawili na kumwita mke wake atoke ndani aje aone. Uliofuata tisini na nane na nusu. Sukari ikashuka, Wivine akatuonyesha kwenye kimashine. Nilimwambia Hemedi ninaona fahari. Nilimwambia hivyo hivyo, mbele ya watu, kwa sauti yangu hii isiyojua kunong'ona.

Bon. Furaha yetu mtaa ukaisoma vingine. Mashati yalianza kumpwaya Hemedi, na zile sauti zilizosema anang'aa zikasema anakwisha. "Imerudi," walisema. Wengine walitaja ugonjwa mwingine kabisa, kwa kuinamisha kichwa. Mteja mmoja alinivuta pembeni: "Mama Sikujua, tukuitie batu wa kuomba?" Nikamwambia aombee ulimi wake.

Kisha ikaja harusi ya Malika, binti wa Tante Rachida.

Tante Rachida ni mdogo wa mama yetu. Katika ukoo wetu, penye sherehe yoyote, yeye ndiye anayegawa. Hakuna anayejipakulia. Anasimama na upawa mbele ya sufuria la pilau, anakutazama, na kwa wingi wa sahani yako unajua anavyokupenda. Sahani ya Tante Rachida inamalizwa, hata kama umeshiba mpaka shingoni. Kuirudisha ni sawa na kumrudishia mama yetu chakula chake kaburini. Nilimwambia Hemedi tusiende, tutume zawadi.

"Tutaenda," akasema, na akapiga pasi shati lake mwenyewe.

Uwanja ulikuwa umejaa, kanzu na vitenge vya sare, jamaa wametoka mpaka Isangi. Zamu yetu ilipofika Tante Rachida alimtazama Hemedi kutoka kichwani mpaka viatuni, na mikono yake ikaanza kujaza. Upawa mmoja, wa pili, wa tatu, nyama juu, mafuta juu ya nyama. Akamsukumia sahani ile, kisha akageukia watu.

"Mumuangalie mutoto wa dada yangu! Mifupa! Sikujua analisha mji muzima, na mudogo wake nyumbani anakufa njaa! Unataka kumuua, Sikujua? Ju ya nini?"

Ngoma zilinyamaza. Watu wote wakanigeukia mimi. Damu ilinipanda, maneno yakajipanga mdomoni, na yalikuwa maneno mabaya, ya kumaliza harusi. Ndipo nikahisi mkono umenishika hapa kwenye kifundo cha mkono. Hemedi. Alinibana kidogo, akaniachia, akasogea mbele.

"Tante, Yaya hajaninyima kitu," akasema. "Miye niko na ugonjwa wa akili. Munajua wote, hakuna mutu anasema. Kila mwezi napigwa sindano, si ya mugongo. Ile sindano inanisaidia na inaninenepesha. Nilifika mia moja na kumi na ine. Leo niko tisini na nane na nusu. Nilizitoa miye, na miguu yangu, mpaka Wagenia na kurudi. Siko nakonda, Tante. Niko napona."

Kusema kweli, sekunde ya kwanza nilitaka ardhi inimeze. Miaka yote nimeuficha ugonjwa huu nyuma ya mgongo wa toleka, na huyu ameutoa hadharani mbele ya wakwe! Sekunde ya pili nilimwona alivyosimama. Wima, shati limenyooka, anamtazama Tante machoni. Machozi yalinijia na sikuyafuta.

Tante Rachida alisimama na upawa wake juu. Mwisho akavuta ile sahani, akarudisha pilau sufuriani upawa mmoja, wa pili, akabakiza kidogo na kipande kimoja cha nyama.

"Hii unaweza?" akauliza.

"Hii naweza, Tante. Aksanti."

"Basi keti ule, inapoa." Akanigeukia. "Na weye funga mudomo, inzi wataingia."

Sasa usifikiri mambo yakaisha hapo. Baada ya harusi mvua ilinyesha wiki tatu mfululizo. Njia ya Wagenia ikawa matope, Hemedi akashikwa na malaria akalala siku sita, na alipoamka dawa ilimdai njaa zote alizokuwa hajala. Nilimwona anarudia mikate mara mbili. Sikumtukana. Lakini siku ya kupimwa ilipokaribia, mimi sikulala vizuri, maana masharti yake aliyaweka mwenyewe na Hemedi si mtu wa kusahau neno lake.

Nikafanya jambo ambalo nalisema kwa aibu. Nilimtangulia kwa Papa Kataliko asubuhi.

"Papa Kataliko, kile chuma cha bascule... hakiwezi kusogea kidogo? Kwa leo tu?"

Alinitazama mpaka nikainamisha macho. "Mama Sikujua, hii bascule nilitoka nayo Butembo. Haijadanganya kwa maharagi, ndiyo idanganye kwa mutu?"

Hemedi akaja, akavua viatu, akapanda. Chuma kikasukumwa mbele. Kikasukumwa tena. Tisini na tisa na nusu.

Kilo moja juu. Papa Kataliko akajifanya anatafuta kitu kati ya magunia. Mimi nikaanza kusema haraka haraka, mvua, malaria, harusi, viatu, ingawa viatu alikuwa amevivua.

"Yaya, nyamaza kidogo," Hemedi akasema. "Imepanda moja."

"Moja tu, Hemedi, moja tu..."

"Bon. Mungoje hapa."

Akavaa viatu, akatoka. Nilichungulia mlangoni. Alikata kushoto.

Niliketi juu ya gunia la maharagi. Niliiona Isangi yote, lile gati, zile mbavu. Nilijiambia ni mimi, tangu siku ya kufuli ni mimi. Papa Kataliko alinipa leso yake, ile ile ya kufutia bascule, na nikalia ndani yake bila kujali.

Kengele ya baiskeli ikalia mlangoni.

Alikuwa Hemedi, amekaa juu ya baiskeli yake, mguu mmoja chini. Gurudumu la nyuma limenyooka, rayons mpya zinametameta, na kwenye kibebeo kuna mto mwekundu wa kukalia ambao haujawahi kukaliwa. Kumbe wenzake wa toleka walikuwa wakiitengeneza kwa wiki kadhaa, wameificha nyumba ya pili kutoka kwetu, na mimi mwenye macho yangu sikuona kitu.

"Panda," akasema.

"Wapi?"

"Kwa Wivine. Leo si siku ya sindano?"

"Lakini ulisema, kama hazijashuka..."

"Nilisema nikiwa siwezi kupanda mupando. Sasa kilo moja inanifanya nini? Itashuka mwezi huu, ama itashuka ule mwingine. Sikuwa nataka kilo, Yaya. Nilitaka velo. Panda, jua linawaka."

Papa Kataliko akakohoa. "Labda kwanza tumupime na Mama Sikujua, tujue muzigo..."

"Papa Kataliko, nyamaza na maharagi yako," nikamwambia, nikapanda.

Mimi si mwepesi, na hilo sihitaji bascule kuniambia. Baiskeli ililia kidogo chini yangu, ikayumba, ikakaa sawa. Tukakata kulia, tukafika kwenye ule mpando wa soko, ule ule. Nilisikia pumzi ya Hemedi ikibadilika, nikaona shingo inalowa jasho.

"Nishuke?"

"Kaa!"

Katikati baiskeli ilipunguza mwendo mpaka nikafumba macho. Miaka kumi na moja nimembeba huyu mtoto, na sasa alikuwa ananibeba yeye, na nilikuwa mzito. Nilipofumbua macho tulikuwa juu. Mama mmoja mwenye beseni akapunga mkono kando ya barabara, "Toleka! Toleka!" na mimi nikampigia kelele mpaka wapita njia wakageuka: "Iko na mutu! Huoni iko na mutu?"

Kwenye kituo alishuka anacheka. Nikajifunga kitenge vizuri ili tuingie.

"Weye baki na velo," akaniambia. "Nakuja."

Akaingia peke yake. Miaka yote hiyo sijawahi kubaki nje. Nilishika usukani kwa mikono miwili nisijue nisimame vipi. Bwana mmoja mwenye mkoba, wa kazi za ofisi, akaja ananitazama mimi na ule mto mwekundu.

"Mama, hii toleka haina mwenyewe?"

"Iko na mwenyewe. Ni ya mudogo wangu."

"Yeye iko wapi? Nina haraka."

Mgongo ulinijia mdomoni, ule mgongo wangu wa siku zote. Nikaumeza.

"Iko ndani, anapigwa sindano yake ya ugonjwa wa akili," nikasema, kwa sauti yangu hii. "Simama hapo kwenye kivuli. Akitoka atakubeba, anabeba vizuri. Miye nitarudi na miguu, nimezoea."